Kompyuta Aliyoichagua Baba

Mimi huchora ramani za nyumba, hasa za watu wanaojijengea kule Ruashi. Siku moja umeme ulirudi kwa nguvu ukaiunguza kompyuta yangu ya mkononi. Nikapoteza ramani tatu, na mteja mmoja. Nikaamua kununua ya mezani, ya kudumu. Baba, fundi mstaafu wa reli, akavaa koti lake akasema tunakwenda wote. Nilicheka kimoyomoyo; hakuwa amegusa kompyuta maisha yake yote.

Katika duka la mjini macho yangu yalinasa kwenye mashine nyeusi yenye kioo ubavuni na taa za rangi. Baba akamwuliza muuzaji, "Kintu moja ikikufa mule ndani, tutapata ya kubadirisha hapa Lubumbashi?"

"Papa, hii haiwezi kufa."

Baba akanigusa kiwiko, tukatoka. Niliudhika, nikamwambia kompyuta si kichwa cha treni.

Tukaenda mtaa wa Kenya, hapo hapo Lubumbashi, kwa mama mmoja fundi anayenunua kompyuta zilizotumika maofisini na kuzitengeneza upya. Kabla ya kutuonyesha chochote aliniuliza, "Mama, unafanyaka kazi gani na mashini?"

Nikamweleza.

"Basi taa za rangi za nini? Falanga yako tia ku memoire na ku diski."

Akalegeza skrubu mbili, akafungua sanduku la kijivu lililojaa mikwaruzo. Ndani mlikuwa na nafasi za kuongeza memoire, yaani kumbukumbu ya mashine, na kila kipande kilichomoka kwa mkono. Baba akaomba kushika alimentation, kile kisanduku cha chuma kinachogawa umeme ndani ya mashine. Akaipima kiganjani, kisha akaomba nyingine, ya bei rahisi.

"Mwana wangu, pima."

Ya kwanza ilikuwa nzito, dalili ya shaba nyingi ndani. Ya pili ilikuwa nyepesi kama kopo tupu.

Yule mama akacheka kwa furaha. "Kumbe papa iko fundi!"

"Nilikuwaka," Baba akasema, akaiweka mezani polepole.

Kwa bei ya ile yenye taa tulipata sanduku la kijivu, diski mpya, memoire maradufu na stabilizateri ya kuzuia umeme usipande ghafla. Miezi ya mwanzo, wateja wakija, nililifunika sanduku kwa kitenge. Sasa ni mwaka wa nane. Feni nimebadilisha mara mbili, diski mara moja, kwa mikono yangu mwenyewe.

Baba hayupo tena. Siku ile, tukirudi kwa teksi, alianza kunieleza jinsi walivyokuwa wakichagua vipuri kwenye karakana ya reli. Mimi nilikuwa nimepakata sanduku, nahofia mashimo ya barabara, nikamwambia atanieleza tukifika. Tulipofika nikaanza kuunganisha waya. Alisimama mlangoni kidogo akinitazama, halafu akaenda kupumzika. Sikumwuliza tena.