Mgongo wa Somoe

Nilimwonea wivu Somoe. Nimelikana jambo hili mbele ya mume wangu, mbele ya mchungaji wetu, na mbele ya Somoe mwenyewe, aliyeniuliza waziwazi huku akimenya ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kusini. Nilikana kwa sababu ni aibu kwa mwanamke mwenye shahada kumwonea mwenzake wivu si kwa uzuri, wala mume, wala cheo, bali kwa mgongo. Ungekuwa wivu wa kanga ningejitetea. Huu ulikuwa wivu wa pingili za uti wa mgongo.

Ili mnielewe, ninyi maafisa ugani wa leo mnaomshauri mkulima kwa ujumbe wa simu, itabidi nianzie siku ya kwanza.

Niliripoti Masasi nikiwa na viatu vya visigino na cheti ndani ya bahasha. Afisa Kilimo wa Wilaya, mtu mfupi mwenye sauti ya kunadi mitumba, alikitazama cheti kile, akakigeuza nyuma kana kwamba habari zenyewe ziko upande huo.

"Shikamoo, mzee," nikarudia, maana ya kwanza hakuisikia.

"Marahaba. Huko chuo kikuu wamekufundisha ubwiri unga?"

Nikamweleza kwamba ni ukungu mweupe unaovamia machipukizi na maua ya mkorosho, maua yakakauka kabla ya kushika korosho. Nikaongeza na jina lake la Kilatini, bila kuombwa.

"Vizuri sana. Na hicho Kilatini kinabeba bomba?"

Bomba ni mashine ya injini inayovaliwa mgongoni kama mkoba wa shule, ila mkoba wenyewe umejaa unga wa salfa, unanguruma na kutoa joto. Unapuliza unga ule hadi juu ya mti. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, upepo ukiwa umelala na majani yakiwa na umande ili salfa igande. Afisa Kilimo alinivisha bomba palepale uani, nikiwa bado na visigino, nikauzunguka mkorosho mwembamba uliokuwa nyuma ya choo. Makarani walitoka kuangalia. Nilipolivua alisema, "Haya, umeajiriwa," kana kwamba ile barua ya wizara ilikuwa utani tu.

Nikapangiwa Lisekese, huko huko Masasi. Wakulima waliniita Mama Salfa kwa ajili ya harufu, nami nikalipenda jina hilo. Mgongo wangu wakati ule sikuujua. Mgongo mzima haujitambulishi kwa mwenyewe, kama ambavyo hakuna anayeamka asubuhi akakumbuka kwamba ana wengu.

Baadaye nikahamishiwa Newala, juu uwandani. Nilifika wakati wa soko huria. Zamani ushirika ndio ulionunua korosho na ndio uliotuletea salfa. Sasa walikuja wanunuzi binafsi na malori yao, salfa ikahamia madukani ikakaa rafu moja na sabuni na biskuti, na serikali ikaanza kupunguza. Kama kuna neno moja la miaka ile, ni hilo. Mtumishi hakuwa akifukuzwa, alikuwa akipunguzwa, kama chumvi kwenye mboga ya mgonjwa.

Somoe nilimkuta hapo. Alikuwa mdogo wangu kwa umri na kwa cheo, mwenye cheti cha kilimo, mzaliwa wa huko huko, aliyekua akipanda na kushuka ule mteremko mrefu na ndoo ya maji kichwani. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama nguzo ya simu. Sikuwa na haja ya kuutazama, maana bomba nilikuwa nalibeba mimi, na pikipiki ya ofisi nilikuwa naiendesha mimi.

Halafu nikaanza kuamka nikiwa mkavu kama ubao. Vifundo vya mikono vikavimba, magoti yakafuata. Daktari wa hospitali ya misheni, mzee wa Kimakua aliyezungumza taratibu kama anayepima kila neno, alisema ni jamaa wa baridi yabisi, ule ugonjwa wa mwili kujishambulia wenyewe, na huyu jamaa anapenda kukaa kiunoni. Akanipa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe.

Dawa ile ilinifufua. Pia ilinifanya niwe na uso wa mviringo, mashavu yakang'aa kama maandazi. Sokoni Newala hakuna aliyefikiria ugonjwa.

"Mama Tumaini, umenawiri!" akapiga kelele muuza dagaa, akiniita kwa jina la mwanangu. "Hawa matajiri wa korosho wanakulisha nini?"

"Nakunywa dawa, mama."

"Na sisi tuandikie hiyo dawa!"

Kicheko soko zima. Kwa hiyo niliugua nikisifiwa, na kusingiziwa kidogo kwamba nakula rushwa.

Nilipopata nafuu, daktari akasema tuanze kupunguza. Naam, neno lile lile. Alinieleza kwamba ukimeza vidonge hivi kwa muda mrefu, tezi zinazotengeneza kitu kama hicho ndani ya mwili huzembea. Ukiacha ghafla, unaubwaga mwili wakati walinzi wake wamelala. Kwa hiyo unashuka kidogo, unasubiri, unashuka tena. Vidonge nilivikata nusu kwa kisu changu cha kazi, kile cha kukatia korosho za sampuli kuangalia kama kiini ni kizima. Kidonge kilichokatwa ni kichungu ajabu. Nilikimeza asubuhi baada ya uji.

Kila niliposhuka, kiuno kilidai chake. Maumivu yalikaa chini kabisa, pale ambapo ng'ombe ana mkia. Daktari aligonga pingili moja moja kwa kidole kuhakikisha mfupa haujabonyea, kwa kuwa dawa hiyo hula mifupa, akaridhika. "Usibebe kitu kizito," akasema. "Na usilale kutwa. Tembea kidogo, pumzika kidogo. Itatulia."

Basi bomba likaenda kwa Somoe. Na pikipiki.

Sitaki kuwaficha jinsi nilivyokuwa. Somoe akipuliza salfa shambani, mimi nilikuwa nimekalia kiti walichonibebea wakulima, nikitafuta kosa. "Somoe, upande wa chini wa jani!" "Nimepita, dada." "Pita tena!" Anapita tena, anageuka na bomba lile lote kwa wepesi wa mtu anayecheza ngoma, wanawake wanapiga vigelegele. Siku moja Mzee Chilumba, mwenye shamba, aliniinamia kwa huruma akasema, "Mama, wewe tulia tu hapo kwenye kiti. Mtoto anaweza." Nilimjibu ahsante baba. Moyoni nilitamani bomba lizimike, na lilipozimika kweli nilifurahi mpaka nikaona haya. Kisha Somoe akalifungua, akapuliza plagi, likawaka. Hata injini ilimpenda.

Ndipo habari zikatufikia. Bwana Kilimo wa Newala, mkuu wetu mpya, mtu mpole aliyechukia kutoa habari mbaya, alituita sote wawili akaanza kwa kuulizia watoto. Tukajua.

"Mkoa unapunguza," akasema hatimaye. "Hapa atabaki mmoja. Mtwara watapiga simu Ijumaa ya wiki ijayo. Wanachotaka kujua ni nani anaweza kazi ya shamba."

Somoe alitazama sakafu. Mimi niliutazama mgongo wa Somoe.

Usomi wangu wote ukafanya kazi jioni ile, na hesabu niliyoipata ilikuwa ya kijinga kuliko zote nilizowahi kupiga. Nilijiambia kwamba mgonjwa ni mtu anayemeza vidonge. Nikiacha vidonge kabla ya Ijumaa ile, si mgonjwa. Nikaruka ngazi zote alizonipangia daktari, nikaacha.

Siku chache zikapita, nikadhani nimeshinda. Tukaenda tena kwa Mzee Chilumba. Nilikuwa nimelegea, natapika uji, lakini nikasema bomba leo nabeba mimi.

"Dada, huna rangi," Somoe akasema.

"Nivishe."

Alinivisha. Nilifika mti wa kwanza. Kiuno kilikatika kama kamba, nikapiga magoti mbele ya mkorosho kama mtu anayeomba radhi. Nakumbuka Somoe akizima injini. Nakumbuka akinivua lile zigo, akachuchumaa mbele yangu, akanielekezea ule mgongo.

"Panda."

"Siwezi kubebwa mimi, Somoe. Watu wanaona."

"Watu wanaona umelala kwenye salfa. Panda!"

Mzee Chilumba na mkewe wakaniinua, wakanifunga kwake kwa kitenge, mimi na mashavu yangu yote. Akanitoa shambani hadi barabarani kulikokuwa na lori la mnunuzi mmoja. Njiani nilimweleza kwamba nimeacha vidonge, naye akanisema bila kupumzika, na wala hakuhema. "Chuo kikuu chote kile! Mama Tumaini, wewe unapunguza, au unajipunguza?"

Nilikuwa nimelaza shavu juu ya mgongo nilioutamani, na nakiri ulikuwa mzuri kuliko nilivyofikiri.

Daktari hakunifokea, alinilaza wodini akanipandisha dozi. Tukaanza upya, polepole. Nilijifunza kuinuka kitandani kwa kulala ubavu kwanza na kusukuma kwa mkono, kulala na mto katikati ya magoti, kufunga kitenge kiunoni kikashika, kwenda hadi kwenye tangi la maji na kurudi bila kushindana na mtu. Siku mbaya nilisema ni mbaya. Siku nzuri sikuitumia yote.

Nimestaafu sasa, kwa hiari, kabla ya wakati. Vijana huniuliza siri ya kudumu kazini na mgongo mbovu, wakitegemea nitawatajia mafuta fulani ya kuchua. Ninachojua ni kidogo: vidonge vipunguzwe kwa mwendo wa daktari, na mwendo huo hauna habari na mkoa wala na jirani yako. Wivu sijui unapunguzwaje. Mimi bado ninao. Somoe akija kunitembelea na kapu la ming'oko kichwani, huwa nageuka niangalie pembeni mpaka alitue.

Lakini nirudi kwenye ile Ijumaa ya simu: niliruhusiwa kutoka wodini, nikafika ofisini kwa lori. Tulikaa benchi moja, yeye wima, mimi upande. Simu ikalia. Bwana Kilimo akaitikia ndiyo nyingi, kisha, kwa ule uoga wake wa habari mbaya, akanipa mimi mkono wa simu.

"Ni nani hapo anayebeba bomba?" sauti ya Mtwara ikauliza.

Ningeweza kusema ni mimi. Neno lilikuwa tayari mdomoni, chungu kama nusu kidonge.

"Somoe," nikasema.

"Na wewe?"

"Mimi napunguza, mzee."

"Umepunguzwa? Nani kakupunguza? Sisi bado!"

"Napunguza! Vidonge! Polepole!"

Nikasikia karatasi zikipekuliwa huko Mtwara. "Basi Somoe abaki hapo. Wewe chuo cha kilimo kinatafuta wakufunzi, utafundisha umekaa. Utaweza?"

"Nitafundisha nikikaa na kusimama kwa zamu."

"Vyovyote," akasema, akakata.

Nikarudisha simu mahali pake. Somoe hakusema ahsante, na ningemchukia angesema. Alikwenda mlangoni, penye zile ngazi za kushukia uani, akachuchumaa, akanigeuzia mgongo.

"Haya, mwalimu," akasema. "Panda."