Kompyuta Iliyokosea Kujumlisha

Wilhelmina alikuwa na ofisi ya kuchapa pale Igogo, chumba kimoja chenye bati juu, na kompyuta aliyoinunua Dar ikiwa imeshatumika. Tangu aiache taipureta, hakuna kilichomvutia kama kujua kilichomo ndani ya lile sanduku. Mwaka wa 1998, akisoma kijitabu kilichokuja nalo, akagundua kwamba kasi ya prosesa, ule ubongo wa mashine, hupangwa kwa vikofia vidogo vya plastiki vilivyochomekwa kwenye bodi. Akafungua mfuniko, akahamisha kimoja. Mashine ya kasi ya megahezi 166 ikawaka ikisema 200.

"Sasa inakimbia," akamwambia Lukman, fundi redio wa mlango wa pili.

Ilikimbia asubuhi. Jua lilipokolea juu ya bati, ikaganda. Wilhelmina hakurudisha kikofia. Alitaka kujua kwa nini. Kwanza alishuku umeme, maana ulikuwa ukipanda na kushuka. Akaazima stabilaiza ya Lukman ya kutuliza umeme, mashine ikaganda vilevile. Akauacha mfuniko wazi na kuielekezea feni ya mezani. Safari hii ilichelewa kuganda.

"Basi ni joto," Lukman akasema.

Wakaing'oa feni ndogo iliyokaa juu ya prosesa na kukuta mafuta ya kupitisha joto yamekauka kama chokaa. Lukman akayakwangua, akapaka yale meupe anayotumia kwenye amplifaya. Mchana kutwa mashine haikuganda tena.

Wiki hiyo Mwalimu Nestory akaleta alama za mtihani za shule yake, ng'ambo ya ziwa, kule Busisi. Wilhelmina akaziingiza, mashine ikajumlisha, akachapa, mwalimu akaondoka na karatasi zake. Nakala ilibaki mezani. Akiipitia huku anakunywa chai, jicho lake likanasa kwenye jina la Kija, msichana mwenye alama nzuri kila somo, lakini jumla yake ilikuwa ya mtu aliyefeli. Akajumlisha kwa kalamu, haikulingana. Akaiamuru mashine ipige hesabu upya, ikatoa jibu sahihi.

Akakimbilia mlango wa pili.

"Lukman, haigandi, lakini inakosea. Tena haikosei kila mara."

"Redio ikiharibika unaisikia inakwaruza," Lukman akasema. "Hii inadanganya kimya kimya."

Wilhelmina akafunga ofisi, akapanda gari la Kigongo, kunakopandwa kivuko cha Busisi. Alimkuta mwalimu bado yuko kwenye foleni ya kivuko.

"Samahani mwalimu, naomba hizo karatasi. Mashine yangu imekosea hesabu. Tazama jumla ya Kija."

Mwalimu alitafuta jina alilotajiwa, akajumlisha midomo ikichezacheza. "Kesho ningeyabandika haya ukutani," akasema, akamrudishia.

Wilhelmina alishusha kasi hadi 180. Akajumlisha na kuchapa alama zilezile mara nyingi, hasa saa za jua kali, akibandika karatasi moja juu ya nyingine dirishani kuona kama tarakimu zinafunikana. Zilifunikana zote. Alizihakiki tena kwa kalamu, kisha yeye mwenyewe akampelekea mwalimu, akivuka maji kwa mara ya kwanza.

Kazi za watu hakuzifanya tena kwa 200. Lakini Jumapili, akitoka kanisani, alikuwa akikirudisha kikofia kwenye 200, anaipa mashine hesabu ndefu isiyo ya mtu yeyote, na kuketi mbele yake na kalamu mkononi, akingoja kuona itaanza kukosea wapi.