Mpaka Uliopanda na Kushuka na Maji

Mwaka mzima kabla ya uhuru niliamini, kwa yakini yote ya mtu mwenye cheti cha shule ya usiku, kwamba mpaka wa Mwambao hupanda na kushuka na maji ya bahari. Mwambao ndio ardhi ya Sultani, maili kumi kutoka pwani kwenda bara. Hilo hata paka wa Likoni alilijua. Mimi niliambiwa barazani kwamba maili hizo huhesabiwa kutoka maji yalipo saa hiyo. Yakijaa, mpaka wasonga bara. Yakipwa, warudi. Basi Mwambao ukijitenga na Kenya, kama wengine walivyotaka, nyumba zilizo nyuma ya stesheni ya Changamwe, kwa hesabu yangu, zitahama dola moja hadi nyingine mara nne kwa siku.

Nyumba mojawapo ilikuwa ya shemeji yangu Ramadhani Mutua, fundi wa reli, Mkamba aliyesilimu akamwoa dada yangu Mwanaisha. Nikamweleza habari hiyo kwa furaha, na chumvi nikaongeza: alfajiri kitanda chako kitakuwa Kenya na jiko lako kwa Sultani, utataka pasi kwenda kunywa chai. Nilicheka peke yangu.

Alhamisi asubuhi ikanijia barua ya dada. "Kaka, Ramadhani amenunua kamba za kufungia masanduku. Jumamosi twapanda treni na watoto, twahamia kwao Makindu. Mama akiuliza, mwambie mimi sikutaka."

Niliwaka. Si kwa Ramadhani. Kwa hao wakubwa waliokuwa wakiigawa nchi yetu mezani kama samaki, wasimwambie mtu wa Changamwe atalala upande gani. Na siku hiyohiyo Kisauni kulikuwa na mkutano: wataalamu wawili wa uhusiano wa madola wangejadili Mwambao mbele ya watu. Nikaapa wallahi sirudi bila jawabu.

Feri nilivuka nimesimama, maana hasira yangu peke yake ilijaza benchi zima. Kutoka hapo hadi Makupa nilikwenda kwa kishindo, hata malori yakanipisha.

Changamwe nilifika kabla ya adhuhuri. Masanduku matatu yalikuwa uani, yamekwisha kufungwa.

"Shikamoo, kaka," alisema Mwanaisha bila kunitazama, akaendelea kukunja mapazia.

"Mwalimu wa mpaka!" Ramadhani alitoka ndani. "Umekuja kutuaga?"

"Nimekuja kukuchukua. Twende Kisauni ukasikie kwa wenye elimu."

"Elimu yako imenitosha, shemeji."

"Nenda naye," dada alimwambia. "Lakini mkirudi bila jawabu, kamba hizi hazifunguliwi."

Daraja la Nyali siku hizo lilielea, na tulipofika maji yalikuwa yamejaa, limeinuka nayo. Ramadhani alisimama katikati, akalitazama chini na juu.

"Hata daraja lenu halijui likae wapi," alisema.

Ile "lenu" ilinichoma mpaka upande wa pili.

Kisauni, ukumbi wa shule ulijaa kabla hatujafika. Mtaalamu wa kwanza, mgeni kutoka Ulaya, alisema vidola vidogo humezwa na vikubwa. Wa pili, mwalimu wa chuo, akasema dawa ni shirikisho la Afrika Mashariki yote, mipaka hii itakufa yenyewe. Wakajibizana saa mbili kama mume na mke waliotengana, kila mmoja akimtuma mwenyekiti: mwambie mwenzangu. Walitaja madola ishirini. Changamwe haikutajwa hata kwa kupiga chafya.

Nikasimama. "Mabwana, mpaka wa Mwambao maji yakijaa huwa wapi?"

"Maswali ni kwa Kiingereza," alisema mwenyekiti, bwana mwenye tai. "Haya ni mazungumzo ya kitaalamu."

Mazungumzo gani hayo, ambayo mwenye nyumba hazungumzi? Nikauliza kwa Kiingereza changu cha usiku. Watu wa mbele wakacheka. Mgeni akatabasamu, akajibu kwa kirefu, na mwenyekiti akatufasiria kwa ufupi: "Bwana asema mpaka ni jambo lililo vichwani mwa watu."

"Kichwani mwangu?" Ramadhani alipiga kelele. "Mimi nina watoto pale!"

Tukaonyeshwa mlango. Nilitoka nimekwisha kuutukana ukumbi, tai, na kitivo kizima cha elimu ya madola.

Nje mtu mmoja alitufuata, alikuwa amekaa karibu na mlango. Jina lake Hamisi, mtu wa Magogoni, aliyevuta mnyororo wa wapima ardhi tangu ujana wake.

"Swali lenu mbona dogo," alisema. "Jawabu ninalo."

Ramadhani alimshika mkono. "Usinambie mimi. Kamwambie mke wangu."

Njia nzima ya kurudi shemeji alizungumza na Hamisi, si nami. "Nikiwa mgeni, bwana, niwe mgeni kutwa nzima," nilimsikia akisema. "Ugeni huo nitaupinga kwa kura. Mara nne kwa siku ndiyo siiwezi."

Alasiri tukaingia uani. Mwanaisha alimtazama Hamisi, viatu vyake vya vumbi, mikono yake.

"Huyu naye mtaalamu?"

"Huyu alipima," alisema mumewe.

"Na maneno ya maji kujaa aliyaleta nani?"

Wakanitazama wote. Hasira niliyoibeba tangu Likoni ikakosa pa kutua ila juu yangu mwenyewe. Wale mabwana hawakujibu, ni kweli, na sijawasamehe. Lakini hawakuwa wao waliofunga masanduku haya.

"Mimi," nikasema.

Dada akainama, akaweka mkono juu ya fundo la kamba, akangoja.

"Bibi," alisema Hamisi, "maili kumi zilipimwa kutoka alama ya maji yanapojaa kabisa, na alama hiyo ni moja. Mpaka hausogei. Na haupiti hapa. Uko kule mbele bara, upande wa Mazeras."