Paa la Katoni na Viatu vya Bosi

Juzi nilikuwa kwa ofisi ya kontrakta mmoja hapa Mwingi, nimefuata ramani ya duka langu, na masikio yangu mnayajua, hayakai bure. Msichana anayenakili ramani alikuwa akiomba cheo cha mchoraji, ambacho mshahara wake ni mara mbili ya ule anaolipwa.

"Wewe fuata mistari yangu tu," bosi alimwambia bila kuinua macho.

"Sawa, mzee. Lakini hii zahanati uliyoichora itakosa maji."

Akaweka mezani nyumba ndogo aliyoikata kwa katoni kulingana na ramani ileile, na tangi lake kando. Akainua birika, akamimina maji juu ya paa. Tangi likabaki kavu. Maji yote yalishukia upande wa pili, mpaka kwa viatu vya bosi.

Sisi wateja tulipiga vigelegele. Huku kwetu kwenye ukame, paa ndilo kisima!

Bosi alipangusa viatu, akaandika barua ya cheo papo hapo. "Haya, lete ramani niirekebishe."

"Hapana, mzee. Hiyo sasa ni kazi ya mchoraji," alijibu, akiikunja.

Nami nikamkabidhi ile ya duka langu. Aliyeichora ni bosi.