Mstari wa Saa Nne

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele sitakupa nafasi. Haya sikuhadithiwa. Yalinipata mwenyewe, mchana kweupe, katika pango lenye michoro ya kale juu ya Kihesa, Iringa, miaka ya sabini.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii moja na suruali mbili, zote bugaluu, pana miguuni. Kazi niliyopewa ni kuangalia michoro ile isiharibike, na nilikabidhiwa mashine ya kupima joto la pango: silinda ya karatasi inayozungushwa na saa ya kutia ufunguo, na kalamu inayochora mstari wa wino wiki nzima. Ukiisogelea, pumzi yako tu huupandisha mstari.

Pango lilikuwa chini ya Mama Sekalinga, Mhehe mwenye ulimi mkali, aliyerithi ulinzi wake kwa baba yake. Siku ya kufunga mashine, saa nne asubuhi ikikaribia, alinisimamisha mlangoni.

"Kamwene, mwanangu. Hapa ukiingia unataja jina na ukoo. Ukitoka unaaga kwa jina hilohilo: mimi fulani natoka. Asiyeaga hubaki."

"Mama, mashine haina ukoo," nikamjibu, nikijiona mchekeshaji.

"Nani kasema mashine? Nakusema wewe, na hiyo suruali yako ya kufagilia njia."

Kuingia nilijitaja, ili yaishe. Kutoka sikuaga. Msomi mzima aagane na mwamba?

Wiki ilipokwisha nikatoa karatasi. Mstari ulikuwa umetulia vizuri, ila kila siku saa nne kamili ulipanda ghafla, ukakaa juu robo saa, ukashuka. Sawasawa na siku ile niliposimama mbele yake nikiifunga. Nikajua kuna mtu anaichezea. Na mkuu wangu alikwishaniambia: vipimo vikiharibika, kazi huna. Basi kesho yake nilipanda mapema peke yangu, nikajibanza nyuma ya jiwe ndani ya pango.

Saa nne ikafika. Niamini, hakuna aliyeingia. Alikuwepo tu, amenipa mgongo, ameinama juu ya mashine, anapiga mluzi. Pindo la suruali yake lilikuwa limeshonwa kwa uzi mwekundu. Nikatazama pindo langu. Uzi mwekundu, nilioushona mwenyewe, vibaya, asubuhi ile ya kufunga mashine.

Sasa nilitaka kuaga. Nilitaka mno! Nikafungua mdomo: "Mimi..." Jina halikuja. Umewahi kulitafuta jina lako ukalikosa? Yule akaacha mluzi. Akaanza kugeuka, taratibu.

Nje, Mama Sekalinga alikuwa ameona nyayo za viatu vyangu. Akaniita kwa nguvu, jina na ukoo.

"Naam, mama!"

Sauti ilikuwa yangu. Mdomo haukuwa wangu. Yeye ndiye aliyewahi. Mimi niliitika wa pili, nikatimka, nikakanyaga bugaluu, nikaviringika mpaka miguuni pa mama.

Hakucheka. Alinishika kidevu, akanitazama machoni.

"Nimeita mmoja, wameitika wawili," akasema. "Aliyeshuka ni yupi?"

Kazi niliiacha, nikarudi kwetu Mbeya, nikawa mwalimu, nikaoa. Mke wangu amezoea: kila siku saa nne asubuhi, kwa robo saa, nakuwa baridi kama jiwe, na akiniita siitiki. Nimejipima kwa kipimajoto, maana usomi hautoki upesi. Kweli joto hushuka. Linakokwenda nakujua, kwa sababu kijana aliyeshika kazi yangu aliniandikia barua akiuliza mbona mstari hupanda kila siku saa nne.

Nilimjibu hivi, nawe nakuambia hivihivi: ukiingia mahali pa watu wa kale, chukua mashine uitakayo. Lakini kabla hujatoka, aga kwa jina lako, kwa sauti. Aga ukiwa bado unalikumbuka.