Kitabu Chembamba

Kidato cha tano walihitaji kitabu cha uandishi wa Kiingereza, na shule ingenunua cha aina moja tu. Nilirudi kutoka Singida Mjini na viwili vya kuonyesha, nilivyoazima dukani. Kinene kilimtaka mwanafunzi aanze na alichokiona kwa macho yake. Chembamba kilijaa insha zilizokwisha kuandikwa, kazi ya mwanafunzi ni kukariri tu.

Mimi nilitaka kinene, na nilikuwa na mtu kichwani. Binti mmoja wa kijiji cha Issuna, wiki ya kwanza tu, aliandika jinsi mama yake anavyopepeta uwele huku akiwagombeza kuku kwa Kinyaturu. Kiingereza chake kilikuwa kibovu, lakini nilimwona yule mama, hata makapi kwenye kope zake. Niliogopa kwamba akianza kukariri, jicho lile litakufa.

Kwenye kikao cha idara nilibishana mpaka nikakaribia kukosa adabu. Mkuu wa idara, mtu mpole anayeniudhi kwa upole wake, akasema tuwaulize wanafunzi wenyewe. Nilikubali kwa mbwembwe, nikijua nimeshinda. Darasa zima likanyoosha mikono kwa kitabu chembamba, binti wa Issuna akiwa wa kwanza. Wangefanyaje? Shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili, sekondari wakakuta masomo yamegeuka Kiingereza, na kukariri ndiko kulikowavusha. Tangu hapo, kila jioni niliwasikia wakizunguka uwanjani wakitamka insha kwa sauti, kila mmoja na ukurasa wake.

Muhula wa pili mama yake yule binti alifariki. Binti alikwenda kuzika, akarudi, akakaa kwenye dawati lilelile. Baadaye niliwapa insha ya siku wasiyoweza kuisahau. Aliandika ya sherehe ya kugawa zawadi, neno kwa neno kutoka kitabuni: mama amekaa mstari wa mbele, gauni la njano, anapiga makofi. Nilitafuta kosa la kuzungushia kalamu nyekundu, sikuliona. Mkuu wa idara aliisoma ofisini, akasema kitabu kimeanza kuzaa matunda. Nilitoka nje nisije nikamjibu vibaya.

Nilimwita binti nyuma ya maabara. Akaniamkia, nikaitikia, nikamuuliza kwa nini hakuandika habari za mama yake.

“Nilitaka, Mwalimu,” akasema. “Nimetafuta insha ya msiba kitabu kizima. Haimo.”