Mbwa Niliyemweka Rehani

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi. Nilisimama uani kwa mzee mmoja Mkuria, karibu na mpaka, nikitazama mbwa wake watatu wakitoka walikolala. Walitoka wakiwa wakavu. Walijinyoosha, wakapiga miayo, wakaenda kunusa majani yaliyoloa kana kwamba mvua ile ilinyesha nchi nyingine. Hapo ndipo nilipomkumbuka mbwa wangu. Nilikuwa nimemwacha mjini Suna, amefungwa mnyororo, na tangu nimwache sikuwa nimejiuliza hata mara moja kama anasikia baridi.

Ngoja nikueleze alifikaje huko, maana usipojua hilo utadhani nilikuwa mtu asiyependa wanyama.

Mimi ni wa Sindo, pale ziwani. Shule niliiacha darasa la sita. Wenzangu waliacha kwa kukosa karo, lakini mimi niliacha kwa sababu lori la omena, wale dagaa wetu wa ziwani, lilikuwa linaondoka na nilitaka kujua linakwenda wapi. Nimeishi hivyo tangu siku ile. Nikisikia kuna kitu mahali fulani, miguu inaanza kuwasha. Mbwa huyo alinifuata kutoka ufukweni, kwenye nyavu za kuanikia omena, akiwa mdogo na mbavu nje. Nilimwita Bosi. Nilikuwa nimefukuzwa na mabosi wengi, nikaona heri niwe na mmoja asiyeweza kunifukuza.

Basi nikasikia kwamba upande wa Migori watu wanachimba dhahabu kwa sururu na karai, na kwamba ukiwa na mbao za kuzuia udongo usiporomoke, wachimbaji watakuingiza kwenye shimo lao kama mwenye hisa. Mbao sikuwa nazo. Nikaenda Suna kwa Oloo, mtu wa makamo mwenye yadi ya mbao, nikamwomba anikopeshe.

"Na mimi nitashika nini?" akaniuliza.

Sikuwa na ng'ombe, sikuwa na shamba, hata baiskeli sikuwa nayo. Nikamwonyesha Bosi.

"Omera, ndugu yangu, hiyo ni mbwa."

"Mbao zako zinaibwa ama haziibwi?"

Akacheka. Kweli zilikuwa zinaibwa. Bosi naye, kama aliyeelewa, akambwekea mteja mmoja mpaka mteja akaangusha misumari. Oloo akasema, "Sawa, huyu ana sauti."

Mwanangu, siku hiyo niliongea kama wakili. Nilishusha riba. Muda alioutaka yeye ulikuwa mfupi, nikauvuta mpaka mavuno ya mahindi. Nikamfanya akubali kwamba nikichelewa kidogo hatamuuza mbwa kabla ya kunitumia habari. Tulipopeana mikono, wafanyakazi wake wawili walinipigia makofi. Nilitoka pale nimebeba mbao begani, na kifua kimenijaa kama tanga. Sikugeuka. Nilimsikia Bosi akilia nyuma yangu, nikajisemea atazoea.

Sasa turudi uani kwa yule mzee. Jina lake lilikuwa Marwa, na shimo letu lilikuwa kwenye shamba lake. Kwa kuwa yeye hakujua Kijaluo na mimi sikujua Kikuria, tuliongea Kiswahili, kila mtu na chake. Nilimuuliza mbwa wake wanalala wapi. Nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu, na yeye hakuchoka kuulizwa. Akanipeleka nyuma ya ghala.

Kilikuwa kibanda kidogo sana, kidogo kuliko nilivyotarajia. Mlango ulikuwa mwembamba na ulitazama upande ambao upepo hautoki. Sakafu ilikuwa ya mbao zilizoinuliwa juu ya mawe, ardhi isiwaguse. Juu ya mbao kulikuwa na nyasi kavu nyingi, zimekaa kama kiota.

"Kibanda kikubwa ni cha kuonyesha majirani," Marwa akasema. "Mbwa anapasha nyumba yake joto kwa mwili. Ukimpa nyumba kubwa, atapasha saa ngapi?"

"Na kwa nini usiwape blanketi?"

"Blanketi inakunywa maji. Ikishaloa inakuwa baridi kuliko udongo. Nyasi ikiloa unatupa, unaweka ingine. Na jioni ya baridi unaongeza uji, mtu mwenye njaa hapati joto. Wewe ukilala njaa unapata joto?"

Nikamwambia sijawahi. Kisha, bila kuulizwa, nikamweleza habari ya Bosi na yadi ya Oloo. Nilieleza kwa majivuno, nakuungamia hilo. Nilitaka asikie jinsi nilivyoshusha riba.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mura, kijana, kwenu ng'ombe wa rehani anashikwa vipi?"

Nikamwambia ni kama kila mahali. Anayemshika anamlisha na kunywa maziwa, na ndama ni wa mwenyewe.

"Sasa ng'ombe akipigwa na baridi, maziwa inakuwa je?"

"Inapungua."

"Anayeshika anaona hasara siku hiyo hiyo. Kwa hiyo atamfunika ng'ombe yako hata kama anakuchukia. Lakini mbwa akipigwa na baridi anafanya nini? Analia. Anabweka usiku mzima. Mwenye yadi anafurahi, anasema leo nimepata mlinzi." Akatema mate kando. "Wewe ulipatana kama mtu aliyepeleka ng'ombe. Hakuna kitu inamfanya yule mtu amtunze mnyama wako. Hukuweka."

 Bosi alizaliwa kwenye mchanga wa ziwa, unaobaki na joto hata jua likishazama. Manyoya yake yalikuwa mafupi kama ya panya. Nilimwomba Marwa gunia la nyasi, akanipa mawili. Nikashuka Suna siku hiyo hiyo, nikipanda boda pale nilipopata na kutembea pale nilipokosa. Magunia yaliloa kwenye mvua, nikayatupa njiani kwa hasira, nikijiambia kwamba sihitaji nyasi, nitamchukua mbwa wangu kabisa.

Nilimkuta amefungwa kwenye nguzo, juu ya saruji, chini ya bati lililokuwa likivuja. Alitikisa mkia, lakini hakusimama. Alikuwa anakohoa kikohozi kikavu, kama mtu anayebisha mlango kwa kucha. Nilipomshika masikio yalikuwa baridi. Hivyo ndivyo unavyojua, mwanangu: shika masikio na nyayo. Ukikuta baridi na mwili unatetemeka, huyo hasubiri mpaka kesho.

Oloo akatoka na kalamu sikioni. "Janam, mtu wa ziwa, umeleta pesa?"

"Unaniulia mbwa!"

"Mimi? Hii mbwa nimeitafuta mimi? Si ni wewe uliniletea?"

"Angalia anavyolala! Hata mchawi hawezi kulaza mbwa hivi!"

Wateja walikuwepo. Mama mmoja aliyekuja kununua mlango alinung'unika kwamba ni kweli, mbwa anateseka. Nikajiona nimepata mahakama. Nikapaza sauti zaidi. Nikamwita Oloo mwizi, nikasema mbao zake zimeoza, nikasema kila nilichokijua juu yake na nisichokijua.

Sikiliza sasa kilichotokea, maana ndicho kilichofanya nikuandikie haya. Oloo hakukasirika mara moja. Alimtazama mbwa, akakuna kichwa, akasema kwa sauti ya chini: "Sawa. Hiyo pembe ya stoo iko wazi. Lete nyasi utandike, mfunge huko ndani. Mimi sina neno na hiyo. Lakini deni ni deni, mbwa anabaki."

Alinipa, mwanangu. Alinipa kile kile nilichokwenda kukitafuta. Pembe kavu, paa juu, na nyasi. Ningesema asante, nikaenda kukata nyasi nyuma ya mabanda ya soko, Bosi angelala pakavu siku hiyo.

Nami nikasema, "Sitaki pembe yako. Nataka mbwa wangu, na unifutie riba kwa mateso uliyompa."

Nilitaka kushinda. Yule mama wa mlango alikuwa ananitazama, na nilitaka anione nikishinda kama siku ile ya makofi. Uso wa Oloo ukafunga. Nimeona nyuso nyingi zikifunga tangu siku ile, na sijapata kuona maneno yakiufungua uso uliofungwa mbele za watu.

"Basi lete pesa yote," akasema, "uchukue mbwa yako. Na usikanyage hapa bila pesa."

Wafanyakazi wale wale walionipigia makofi wakanitoa nje, mmoja kila mkono.

Nilirudi kwenye shimo. Nilichimba kama mwendawazimu, lakini mvua ilikuwa imejaza maji chini, tukawa tunateka tope kwa ndoo badala ya kuchimba. Wenzangu waliniona nimebanwa. Mtu aliyebanwa hana bei, wananunua kwake wanavyotaka. Hisa yangu niliyoihangaikia niliwauzia kwa pesa iliyotosha deni tu, na siku chache baadaye nilikuwa tena kwenye lango la Oloo, noti zimefungwa kwenye karatasi ya nailoni zisiloe. Mzee Marwa alikuwa amenipa gunia jingine la nyasi. Safari hii nililibeba chini ya koti.

Mnyororo ulikuwa kwenye nguzo, peke yake.

Oloo hakutoka na kalamu sikioni. Alikuja taratibu, akasimama mbali kidogo.

"Janam, hakuamka juzi," akasema. "Siku ya mwisho nilimwingiza stoo mwenyewe. Nikampa maziwa, akakataa. Nimemzika pale nyuma, sikumtupa."

Nikamnyooshea pesa. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Akazitazama, akatikisa kichwa.

"Kaa nazo. Deni limeisha. Na mbao kaa nazo."

Unaona, mwanangu? Nililipwa. Katika biashara zote nilizowahi kufanya, kuanzia Sindo mpaka Homa Bay, kuanzia omena mpaka madini, hiyo ndiyo pekee niliyotoka na pesa zote mfukoni, bila riba, bila deni, na bila hata la kumlaumu mtu. Hakuna aliyenipigia makofi. Nyasi nilizitandika juu ya kaburi, jambo la kipumbavu, kisha nikapanda gari la Homa Bay, na zile pesa sikumbuki zilikwenda wapi.

Sijafuga mbwa tena. Watu huniambia fuga mwingine, utasahau. Kila mwaka mvua ya mwezi wa saba ikianza, huwa natoka kutazama mbwa wa jirani wamelala wapi, na majirani wanadhani nimechanganyikiwa. Labda wana haki.

Ninyi vijana mnakuja kwangu na shida za madeni. Siku hizi mnakopa kwa simu, hamwoni hata uso wa kuomba. Nawaambia, mnaitika, na wiki ijayo nasikia pikipiki ya fulani imechukuliwa. Kwa hiyo sina hakika kwamba maneno haya yatakufaa. Mimi mwenyewe niliambiwa na mzee aliyeyajua, nikatupa nyasi njiani. Hata hivyo nitayasema, kwa kuwa sina kingine cha kukuachia.

Mwanangu, ukikopa, usiangalie riba na tarehe tu. Angalia kitu chako kitakapokuwa mikononi mwa mwenzako, nani ataumia kikiharibika. Kama ni wewe peke yako, patano hilo bado halijaisha, rudi mkae chini. Ukishagundua umekosea, nenda mapema na uende kwa upole, mwite kando, usimsemeshe mbele ya wateja wake. Na akikupa kidogo, nawe unaona hicho kidogo kinazuia kifo, kipokee kwa mikono miwili. Kubali pembe ya stoo. Ya riba mtabishana kesho, kesho ipo. Kama unafuga mbwa, usingoje akohoe. Mwinue alale juu ya mbao, mpe nyasi kavu, kibanda kiwe kidogo, na uji uwe mwingi jioni. Havigharimu chochote. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: havikugharimu chochote.

Mungu akulinde na ushindi usio na faida. Akukutanishe na watu ambao nyuso zao hazijafunga bado, na akupe akili ya kunyamaza wakati mtu anakupa. Walio mikononi mwako, wenye sauti na wasio na sauti, walale pakavu. Nawe ulale pakavu, mwanangu, mwaka huu na miaka ambayo mimi sitakuwepo.